Jioni anajua herufi zote, asubuhi kasahau: sayansi ya ubongo ina jibu au tunauziwa maneno?

#1 MamaWaMwisho
Habari za humu wakuu.

Nina mtoto wa miaka 5, yuko darasa la awali. Jioni nakaa naye mezani, anataja herufi bila kubabaika, hadi silabi anaunganisha. Asubuhi namwonyesha "d" ile ile, ananitazama kama vile hajawahi kuiona tangu azaliwe. Akiandika, "s" anageuza, "3" anageuza. Juzi kaandika jina lake lote kuanzia kulia kwenda kushoto, kila herufi imetazama upande usio wake. Nikaliweka mbele ya kioo, likasomeka vizuri kabisa.

Sasa kwenye kikao cha wazazi tumeambiwa asilimia 90 ya ubongo hukamilika kabla ya miaka 5, kwa hiyo kwa mtoto wangu dirisha la kujifunza ndiyo linafungwa. Dawa yake eti ni mafunzo ya ziada ya "kuamsha ubongo wa kulia": muziki, mazoezi ya mikono, na kadi anazoonyeshwa harakaharaka. Ni ya kulipia, bila shaka.

Hii sayansi ya ubongo ina kitu cha kweli cha kumsaidia mtoto mdogo kujifunza, au ni biashara tu? Wenye ujuzi karibuni.

#2 Kiti_cha_Mbele
Naweka kambi hapa. Wangu naye vilevile.

#3 Mzee_wa_Hoja
Hiyo asilimia 90 mmepewa nusu ya habari. Kinachofika huko kwenye miaka 5 hivi ni UKUBWA wa ubongo ukilinganishwa na wa mtu mzima. Mtoto mchanga anazaliwa na ubongo wenye ukubwa wa kama robo ya ule wa mtu mzima, akifika miaka 2 unakaribia asilimia 80, kisha unakwenda polepole. Kukua ni jambo moja, kukomaa ni jingine. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kujizuia, kupanga na kushikilia jambo akilini, inaendelea kukomaa hadi mtu anapita miaka 20. Huyo wa kwenye kikao kasoma kichwa cha habari tu.

#4 Kipanga
Namba za Mzee ni sahihi, ila asije akawalaza watu. Mwaka 1979 daktari mmoja wa Marekani, Peter Huttenlocher, alichapisha matokeo ya kuhesabu sinapsi (zile sehemu ambapo seli moja ya neva hupeleka ujumbe kwa nyingine) kwenye ubongo wa watu waliofariki wakiwa na umri tofauti. Sehemu ya mbele ya mtoto wa kati ya mwaka 1 na 2 ilikuwa na msongamano wa sinapsi unaomzidi mtu mzima kwa karibu nusu. Baada ya hapo zinapunguzwa: zinazotumika zinaimarika, zisizotumika zinaondolewa. Kwa hiyo anachokutana nacho mtoto miaka hiyo ya mwanzo kina uzito. Dirisha kutofungwa si sababu ya kulala.

#5 Fundi_Nyaya
Yaani huyu wa mwaka 1 hapa nyumbani ananizidi sinapsi? Mbona muda huu anatafuna sabuni?

#6 Kipanga
@Fundi_Nyaya wingi si ubora. Kupunguza ndiyo sehemu ya kujifunza kwenyewe. Halafu kuna mayelini, ganda la mafuta linalozungushiwa nyuzi za neva kama plastiki kwenye waya wa umeme. Uzi ukivikwa ganda, ujumbe unakwenda kwa kasi kubwa zaidi, na kazi hiyo kwa mtoto wa miaka 5 haijaisha.

#7 Fundi_Nyaya
Sasa umeingia kwenye fani yangu. Plastiki ya waya haiongezi kasi ya umeme, inazuia usipigwe shoti. Tafuta mfano mwingine.

#8 Nesi_wa_Zamu
Fundi ana haki yake. Ganda la mayelini lina mapengo, na ujumbe unaruka kutoka pengo hadi pengo badala ya kutambaa uzi mzima. Kasi inatoka hapo.

Turudi kwa mtoto. Dada MamaWaMwisho, kabla ya kufika kwenye ubongo, amepimwa macho na masikio? Watoto wa umri huu wanapata sana maji nyuma ya ngoma ya sikio, hasa wenye mafua yasiyoisha. Hana maumivu, hana homa, ila anasikia kama mtu aliyefunikwa mto. Na hali inabadilika: wiki hii anasikia, wiki ijayo hasikii. Mtoto kama huyo "b" na "d" na "p" zote ni mlio mmoja kwake. Mwangalie pia damu. Upungufu wa madini ya chuma unagusa ubongo moja kwa moja, maana hata hiyo mayelini inahitaji chuma ili itengenezwe.

#9 MamaWaMwisho
Asante nesi. Macho alipimwa, masikio bado. Mafua anayo, tena ya kudumu.

#10 Mwl_Chaki
Nimefundisha watoto wadogo kwa muda mrefu, hilo la kugeuza herufi lisikunyime usingizi. Karibu kila mtoto anapita hapo, wengi wanaachana nalo kufikia miaka 7 au 8. Kinachonishangaza ni kwamba hakuna aliyewafundisha kuandika hivyo. Mtu mzima jaribu kuandika jina lako kinyume sasa hivi uone jasho lake. Wao linawatoka tu.

Mtafiti wa Ufaransa, Stanislas Dehaene, ana maelezo ambayo kwangu yanaingia akilini. Ubongo haukuumbwa na sehemu ya kusoma. Kusoma ni kitu cha miaka elfu chache tu, ubongo ni wa zamani zaidi. Kwa hiyo mtoto akijifunza kusoma, anaazima kipande cha upande wa kushoto, chini kuelekea kisogoni, ambacho kazi yake ilikuwa kutambua vitu na sura. Kipande hicho kina tabia moja: kitu kikigeuka kushoto au kulia, kwake ni kilekile. Kikombe mshikio ukiwa huku au kule ni kikombe. Uso ukiutazama kutoka upande huu au ule ni wa mtu yuleyule. Tabia hiyo ilimfaa mtoto maisha yake yote hadi siku aliyokutana na "b" na "d". Hapo kwa mara ya kwanza anaambiwa kitu kikigeuka kinabadilika jina. Lazima asahau sheria ya zamani, na kusahau kunachukua muda.

#11 Bundi_Mchana
Mwalimu kaeleza kugeuza, hajaeleza kusahau. Mimi nasema USINGIZI. Mwaka 2013 Rebecca Spencer na wenzake, chuo kikuu cha Massachusetts, waliwachezesha watoto wa shule ya awali mchezo wa kukumbuka picha ipi ilikuwa wapi. Siku moja waliwaacha walale mchana, siku nyingine waliwazuia. Walipolala walikumbuka zaidi, wasipolala walisahau, na tofauti ilikuwepo hata kesho yake. Yaani usingizi wa usiku haukufidia ule wa mchana uliokosekana. WHO (Shirika la Afya Duniani) kwenye mwongozo wake wa 2019 inataja saa 10 hadi 13 kwa mtoto wa miaka 3 na 4, usingizi wa mchana ukiwemo. Wangapi humu watoto wao wanafikisha? Tunawakesha na katuni halafu asubuhi tunauliza "d" iko wapi.

#12 Mtaka_Ushahidi
@Bundi_Mchana maelezo yako yanapinga kesi ya dada. Kama usingizi unaimarisha kumbukumbu, mtoto kafundishwa jioni, kalala usiku kucha, asubuhi ilitakiwa ajue ZAIDI. Huyu kalala na herufi zote, kaamka bila hata moja.

#13 Bundi_Mchana
Inategemea kalala saa ngapi na kwa utulivu gani. Mtoto mwenye pua iliyoziba anakoroma na kushtuka usiku kucha. Nesi atuambie.

#14 Nesi_wa_Zamu
Inawezekana. Ndiyo maana nasema masikio, pua na koo vitazamwe pamoja.

#15 DadaMkali
Mume wangu naye jioni anaahidi, asubuhi kasahau. Nimpeleke kwa daktari wa masikio?

#16 Fundi_Nyaya
Huyo mayelini imezidi.

#17 Mwl_Chaki
😂😂 Tuendelee.

Mtaka_Ushahidi kauliza vizuri. Mimi nina mashaka na neno "anajua". Dada, hizo herufi jioni anazitaja kwa mpangilio ule ule wa kitabu? Na wewe unaanza kutamka naye? Watoto wengi darasani "wanasoma" ukurasa mzima kumbe wameshika wimbo na picha. Ukiweka kidole katikati ya mstari wanapotea. Asubuhi ulimwonyesha "d" peke yake, haina jirani, haina picha, haina sauti ya mama kuanza. Huo ni mtihani tofauti kabisa. Inawezekana hakusahau kitu, hakuwa amekishika bado.

#18 MamaWaMwisho
Mwalimu umenifanya nijaribu muda huu huu. Nimechanganya herufi kwenye vipande vya karatasi. Kati ya anazozitaja kila siku, nyingine kazitambua hapo hapo, nyingine kakwama, na "d" na "b" zote kaniambia ni "b". Lakini "m" aliikosa nikaiweka pembeni, baadaye akaiokota mwenyewe na kuitaja. Kwa hiyo anaijua au haijui?

#19 Mtaka_Ushahidi
Hapo ndipo penyewe. Kuwa nayo kichwani na kuifikia wakati unapoitaka ni vitu viwili. Tangu Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe na kuchapisha mwaka 1885, inajulikana kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, na kurudia kwa kuachanisha muda kunashikilia kuliko kurudia kwa mkupuo. Baadaye zikaongezeka tafiti nyingi kwamba kujaribu kukumbuka kunasaidia kuliko kuonyeshwa tena. Kwa hiyo dada, hiyo asubuhi anayokwama ndiyo somo lenyewe, ilimradi umpe muda atafute. Na tafadhali tambueni kwamba yote hayo yamejulikana bila kupiga picha ubongo wa mtu yeyote.

Hili ndilo langu kubwa kwenye uzi huu. John Bruer aliandika mwaka 1997 kwamba kutoka kwenye seli za neva moja kwa moja hadi darasani ni mbali mno, kinachounganisha ni saikolojia ya kujifunza. Mwaka 2008 Deena Weisberg na wenzake kule chuo kikuu cha Yale, Marekani, wakawapa watu maelezo mabovu ya tabia za binadamu, mengine wakayaongezea sentensi ya ubongo isiyo na kazi yoyote. Maelezo mabovu yenye neno ubongo yakaonekana mazuri zaidi, hata kwa wanafunzi waliokuwa wanasomea ubongo. Wataalamu wenyewe ndio hawakudanganyika. Kikao chenu cha wazazi kimetumia mbinu hiyo hiyo.

#20 Kipanga
Unapita kiasi. Ubongo ukitazamwa unaonyesha vitu ambavyo macho hayaoni. Mfano wa kuandika kwa mkono. Karin James, chuo kikuu cha Indiana, Marekani, 2012, aliwachukua watoto wa miaka 5 wasiojua kusoma bado. Herufi nyingine waliziandika kwa mkono bila kufuatisha, nyingine kwa kufuatisha alama, nyingine kwa kubonyeza kibodi. Halafu walipigwa picha za MRI (mashine inayoonyesha ubongo unavyofanya kazi) wakiangalia tu hizo herufi. Zile walizoandika wenyewe ziliamsha maeneo yanayotumika kusoma, za kibodi na za kufuatisha hazikufanya hivyo kwa kiwango hicho. Bila MRI ungejuaje?

#21 Mtaka_Ushahidi
Ningewapima kama wanazitambua. Kilichonivutia kwenye kazi hiyo ni maelezo, siyo picha: herufi ya mtoto kila mara inatoka mbovu kwa namna yake. "A" moja imelala, nyingine haina kifuniko, nyingine mguu umekatika. Kwa kuzitengeneza zikiwa mbovu tofauti tofauti anajifunza kipi ndicho kinachoifanya "a" iwe "a". Kibodi inampa ile ile kila siku.

#22 Mwl_Chaki
Ndiyo maana mimi vitabu vya kufuatisha nukta sivipendi, na nimegombana na wazazi kwa hilo, maana nukta zinatoa daftari safi la kuonyesha wageni. Karatasi tupu, penseli fupi, herufi kubwa, inatosha.

#23 Dokta_Mtarajiwa
Wakuu nimechelewa. Ubongo wa kulia msiudharau. Roger Sperry alipata tuzo ya Nobel 1981 kwa kuthibitisha kwamba kuna watu wa ubongo wa kulia, wabunifu, na wa kushoto, wa hesabu. Shule zinapendelea wa kushoto. Mtoto wa dada huenda ni wa kulia.

#24 Mzee_wa_Hoja
Tuzo ni kweli, mwaka ni kweli, sababu siyo hiyo. Sperry aliwachunguza wagonjwa wa kifafa kikali waliokatwa daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo. Kwao kila nusu ilionyesha kazi zake. Wewe na mimi daraja letu lipo na nusu zote mbili zinaongea muda wote. Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha Utah, Marekani, walipitia picha za ubongo za watu 1,011 wakitafuta hao wa kulia na wa kushoto. Hawakuwapata. Kuna kazi zinazoegemea upande, lugha kwa wengi iko kushoto zaidi, lakini hakuna mtu mzima mzima anayeegemea upande mmoja.

Tena angalia kichekesho: kipande cha kusoma alichoeleza Mwl_Chaki kiko kushoto. Anataka kusoma, wanamwamshia kulia.

#25 Dokta_Mtarajiwa
Sawa, lakini mitindo ya kujifunza ipo: wa kuona, wa kusikia, wa kutenda. Hilo kila mwalimu anajua.

#26 Mtaka_Ushahidi
Kila mwalimu anaamini. Uchunguzi wa 2012 kwa walimu wa Uingereza na Uholanzi ulikuta zaidi ya tisa katika kumi wanaamini hivyo. Miaka minne kabla ya hapo Harold Pashler na wenzake walikuwa wamepitia tafiti zilizokuwepo, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtoto anajifunza zaidi ukimfundisha kwa "mtindo wake". Watu wana wanachokipenda, hilo halina ubishi. Kupenda picha hakukufanyi ujifunze mlio wa herufi kwa kuitazama.

#27 Mwl_Chaki
Hapo nakukatalia kidogo. Darasani nikichanganya kuona, kusikia na kugusa, wanashika. Nimeliona kwa macho yangu.

#28 Mtaka_Ushahidi
Kwa sababu umewachanganyia WOTE, mwalimu. Hiyo ni tofauti na kumpachika mmoja kibandiko cha "wa kusikia" ukamnyima penseli.

#29 Kiti_cha_Mbele
Na ule muziki wa Mozart, unaosemwa humwongezea mtoto akili? Mke wangu aliuweka tumboni miezi yote ile.

#30 Kipanga
Chanzo chake ni jaribio la 1993, na waliosikiliza walikuwa wanafunzi wa chuo, siyo watoto. Dakika 10 za muziki, wakafanya vizuri kidogo kwenye maswali ya maumbo, na faida ikaisha ndani ya robo saa hivi. Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, akaomba dola 105,000 kwenye bajeti ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa aina hiyo. Mtu akikuchangamsha kwa chochote unachokipenda unafanya vizuri kidogo, ndivyo wengi wanavyolieleza leo.

#31 Kiti_cha_Mbele
Angalau mama yake alipumzika.

#32 BintiNamba
Naona mnazunguka herufi, hakuna aliyegusa mazungumzo. Patricia Kuhl na wenzake, 2003: watoto wa miezi 9 wa familia zinazoongea Kiingereza, Marekani, walichezeshwa na mtu anayeongea Kichina. Vipindi 12. Wakaanza kutofautisha milio ya Kichina. Kundi jingine likapewa mtu yule yule, maneno yale yale, kwenye video. Hawakupata kitu. Maneno yalikuwa yale yale, kilichokosekana ni mtu wa kumtazama machoni na kumjibu.

Halafu 2018 Rachel Romeo na wenzake wakarekodi majumbani mwa watoto wa miaka 4 hadi 6. Kilichoendana na shughuli ya ubongo kwenye eneo la lugha wakati mtoto anasikiliza hadithi ni zamu za mazungumzo, yaani mtoto anasema, mkubwa anajibu, mtoto anarudisha. Wingi wa maneno peke yake haukufua dafu. Sasa dada, jioni hapo mezani mnaongea au unamhoji? "Hii nini? Na hii? Na hii?" ni polisi.

#33 MamaWaMwisho
Hahaa umenipata BintiNamba. Ni polisi kweli, na asubuhi napekua nikiwa na haraka ya gari.

#34 Mzee_wa_Hoja
Basi na mimi naongeza maelezo yangu: haraka na hofu. Mtoto akiona sura ya mama imekunjamana, ile nafasi ndogo aliyonayo ya kushikilia mambo akilini inajaa hofu. Mkubwa anaweza kushikilia vitu kadhaa kwa pamoja, mtoto wa miaka 5 viwili vitatu. Kimoja ni "gari", cha pili ni "mama kakasirika". Herufi ikae wapi?

#35 Nesi_wa_Zamu
Nakubali, ila tusiitie chumvi hofu ya asubuhi. Mfadhaiko unaoharibu ni ule mkubwa, wa muda mrefu, usio na mtu wa kumtuliza mtoto. Kule Bucharest, Romania, watafiti walifuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye taasisi za yatima. Nusu, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipelekwa kwa familia za kuwalea. Waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka 2 hivi walijinasua vizuri zaidi kuliko waliochelewa. Kwa hiyo madirisha yapo, lakini ni ya kupata mtu wa kukulea, si ya kujua "d".

#36 Dokta_Mtarajiwa
Kwa hiyo madirisha yapo! Mlinipinga bure.

#37 Mzee_wa_Hoja
Hukupingwa kwa madirisha, ulipingwa kwa kulia na kushoto. Ila kwa kuwa unampenda Sperry: tuzo ile ya 1981 aligawana na Hubel na Wiesel, na hao ndio wa madirisha. Walifumba jicho moja la mtoto wa paka wiki za mwanzo, walipolifumbua ubongo ulikuwa umeshalitupa jicho hilo. Ndiyo maana mtoto akizaliwa na mtoto wa jicho anawahiwa upasuaji. Lakini kusoma hakuna dirisha la namna hiyo. Dehaene na wenzake mwaka 2010 waliwapima watu wazima wa Brazil na Ureno, wakiwemo waliojifunza kusoma ukubwani, na ubongo wao ulikuwa umebadilika kwa kusoma.

#38 Fundi_Nyaya
Sasa kama mtu mzima anaweza, haraka ya nini? Ufini wanaanza shule miaka 7 na hawajafa.

#39 BintiNamba
Hawajafa, lakini kabla ya 7 hawakai bure, wana malezi ya awali ya kucheza, kuimba, kusimuliwa hadithi. Kuna utafiti wa New Zealand pia, wa Sebastian Suggate: walioanza kusoma wakiwa na miaka 7 waliwafikia walioanza na 5 walipokaribia miaka 11. Wa mapema hawakubaki mbele.

#40 Kipanga
Usichanganye kuanza HERUFI mapema na kuanza KUMJALI mtoto mapema. Jamaika, miaka ya 1986 na 1987, watoto 129 waliodumaa. Baadhi walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili, mgeni akimwonyesha mama namna ya kucheza na kuongea na mtoto kwa vitu vya kutengeneza wenyewe. Miaka 20 baadaye, kipato cha waliotembelewa kilikuwa juu kwa asilimia 25. Hakuna kadi za harakaharaka hapo.

#41 Mtaka_Ushahidi
Na hakuna MRI hapo pia. 😏

#42 Kipanga
Nilijua utasema.

#43 DadaMkali
@Bundi_Mchana ulisema tunawakesha na katuni, lakini WHO inaruhusu saa moja ya skrini kwa siku kwa miaka 2 hadi 4. Nimesoma. Msitutishe.

#44 Bundi_Mchana
"Isizidi saa moja, na pungufu ni bora zaidi." Soma hadi mwisho wa sentensi dada yangu.

#45 Babu_Kijana
Nimesoma zote. Mmoja aliandika sehemu kwamba ubongo unatumia asilimia 20 ya nishati...

#46 Mzee_wa_Hoja
Hakuna aliyeandika hivyo humu, babu. 😂

#47 Babu_Kijana
Basi naandika mimi. Asilimia 20 ni ya mtu mzima aliyetulia. Kwa mtoto wa miaka 5 kazi ya Christopher Kuzawa, 2014, ilikuta karibu theluthi mbili ya nishati ya mwili uliotulia inaenda kwenye ubongo. Ndiyo umri ambao mwili wenyewe unarefuka polepole. Kwa hiyo mtoto akitoka na njaa asubuhi mnamwuliza nini? Mwacheni ale kwanza, herufi baadaye.

#48 MamaWaMwisho
Mrejesho kidogo wakuu. Masikio tumepewa tarehe, bado. Mafunzo ya kulia nimeyaweka kando kwanza, ingawa baba yake bado anauliza "na kama yanafanya kazi?" Jioni nimeacha kuhoji, tunaandikiana barua kwenye karatasi tupu, yeye anachora na kupachika herufi anazozitaka. "d" bado inageuka. Asubuhi siulizi kitu, jana kwenye gari akasoma mwenyewe silabi kwenye bango. Sijui ni lipi lililosaidia.

#49 Bundi_Mchana
Analala saa ngapi siku hizi?

#50 MamaWaMwisho
Mapema kidogo, maana barua zinaisha haraka.

#51 Bundi_Mchana
Nimemaliza.

#52 Mtaka_Ushahidi
Hujamaliza. Kabadilisha usingizi, maswali, penseli na hasira kwa wakati mmoja. Na mtoto kakua kidogo pia.

#53 Kiti_cha_Mbele
Samahani naingiza jingine: wangu anatumia mkono wa kushoto. Bibi yake anataka abadilishwe. Ubongo unasemaje?

#54 Mwl_Chaki
Mwacheni. Mgeuzieni karatasi iinamie upande wa pili, mkono usifute wino, basi.

#55 Dokta_Mtarajiwa
Wa kushoto wanatumia ubongo wa kulia, ndiyo maana ni wab...

#56 Mzee_wa_Hoja
Usiendelee. Kwa wengi wao, kama saba katika kumi, lugha iko kushoto vilevile.

#57 Dokta_Mtarajiwa
Na hao watatu waliobaki?

#58 Mzee_wa_Hoja
Baadhi iko kulia, baadhi imegawanyika pande zote. Na hakuna hata mmoja anayehitaji mafunzo ya kulipia.